Barua Yako Inaomba Nini?

Ndugu msomaji, kama umewahi kusafiri kwa barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Babati, basi umepita Kolo, kijiji chetu kilichoko kaskazini ya mji wa Kondoa. Wageni wengi husimama hapa ili wapande milimani kutazama michoro ya kale iliyochorwa kwenye miamba. Mama Mary Leakey, mtafiti aliyejulikana sana katika Afrika Mashariki, alifanya kazi ya kuinakili katika milima hii mwaka 1951, na kitabu chake juu ya michoro hiyo kilitoka mwaka 1983. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ukifika kwenye mwamba utaona twiga, utaona pofu, utaona watu wembamba warefu, wote kwa rangi nyekundu. Kila mgeni huuliza swali lile lile: "Walitaka kusema nini?" Naye anayewaongoza hujibu kwamba wako wanaosema hivi na wako wanaosema vile. Waliochora hawapo tena, na hakuna wa kuwauliza.

Nimeanza na michoro hiyo kwa sababu mwaka 2025, katika nyumba ya mama yetu pale Kolo, nilisoma barua iliyonikumbusha swali la wale wageni. Barua yenyewe ilikuwa ya mdogo wangu, na aliiandika akiwa na mimba ya miezi mitano.

"Hilo neno liko wapi?"

Mdogo wangu ni karani wa malipo katika ofisi moja mjini Dodoma. Mwezi wa nane alikuja nyumbani kumsalimia mama. Usiku, baada ya chakula, niliona hana raha. Nilipomuuliza, alisema: "Dada, niliomba likizo tangu mwezi wa sita. Juzi nimeulizia nitamkabidhi nani kazi, nikaambiwa hawana habari ya likizo yangu."

Akatoa daftari alimokuwa ameiandika barua ile kabla ya kuinakili. Ilisema hivi:

"Ndugu Meneja, shikamoo. Natumaini u mzima wa afya pamoja na familia yako na wafanyakazi wote. Mimi ni mzima na ninaendelea vizuri na majukumu yangu ya kila siku. Napenda kuchukua nafasi hii kukushukuru kwa ushirikiano ulionipa tangu nilipoajiriwa. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha juu ya hali yangu, ambayo nadhani umekwisha kuiona, na kwamba siku zijazo huenda nikahitaji kupumzika kidogo kadiri ofisi itakavyoona inafaa. Nitashukuru kama jambo hili litafikiriwa. Wako mtiifu."

Nilimuuliza, "Ulikuwa unataka nini?"

"Likizo ya uzazi."

"Hilo neno liko wapi?"

Alisoma tena tangu juu hadi chini, kisha akanyamaza. Neno "likizo" halikuwamo, wala neno "uzazi". Hapakuwa na tarehe ya kuanza likizo wala ya kurudi kazini, na cheti cha daktari hakikuambatishwa. Meneja wake hakuwa mtu mbaya. Aliisoma, akaandika pembeni "Nimeona", ikapelekwa kwenye faili. Alidhani ameombewa radhi tu na mtu asiyejisikia vizuri.

Akina mama wenzangu, wengi wetu tumelelewa hivyo. Ukienda kwa mtu huanzi na shida yako mlangoni. Unapiga hodi, unasalimia, unauliza habari za watoto na za shamba, na jambo lenyewe unalitaja mwishoni, tena kwa kulizunguka. Huo ni ustaarabu mzuri na tusiuache. Lakini mkizungumza ana kwa ana, mwenzako akiwa hakuelewa atakuuliza, nawe utamfafanulia. Barua inakwenda peke yake. Msomaji akikwama katikati, wewe hupo.

Haki iliyo kwenye sheria haijiombi yenyewe

Jambo hili si dogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Anaweza kuianza kuanzia majuma manne kabla ya tarehe anayotazamiwa kujifungua. Akirudi kazini anaruhusiwa kumnyonyesha mtoto katika saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku.

Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka mama naye atimize sehemu yake. Anatakiwa kumpa mwajiri taarifa ya kusudio la kuchukua likizo angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kutazamiwa kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Mdogo wangu alikuwa anatazamiwa kujifungua tarehe 10 Oktoba. Barua yake ya tarehe 9 Juni ilikuwa imewahi kabisa, ila haikusema kitu.

Usiku ule ule tulikaa mezani tukaandika nyingine:

"Kwa: Meneja Utumishi. Tarehe: 25 Agosti 2025. Yah: Maombi ya likizo ya uzazi kuanzia tarehe 22 Septemba 2025.

Naomba likizo ya uzazi ya siku 84, kuanzia Jumatatu tarehe 22 Septemba hadi Jumapili tarehe 14 Desemba 2025. Nitarudi kazini Jumatatu tarehe 15 Desemba. Natazamiwa kujifungua tarehe 10 Oktoba, kama cheti cha daktari nilichoambatisha kinavyoonyesha.

Niliwahi kukuandikia juu ya jambo hili tarehe 9 Juni. Naomba radhi kwamba barua ile haikutaja likizo wala tarehe.

Naomba nipate jibu kwa maandishi kabla ya tarehe 1 Septemba. Nashukuru kwa ushirikiano wako."

Tulipomaliza tulimwita kijana wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye hakujua lolote juu ya mambo haya. Tukampa aisome. Alipomaliza tukamuuliza, "Huyu anataka nini?" Akajibu bila kusita: "Likizo ya uzazi, kuanzia tarehe 22 Septemba." Kisha naye akauliza: "Na kazi zake atamwachia nani?"

Tulitazamana. Hilo hatukuliandika. Tukaongeza sentensi moja: "Niko tayari kumfundisha kazi yangu mtu utakayemchagua, kuanzia Jumatatu tarehe 8 Septemba."

Ndugu msomaji, kipimo hicho ni chepesi na hakina gharama. Mpe barua yako mtu asiyejua habari zake, awe mume wako, mwanao au jirani. Swali lolote atakalouliza, jibu lake ndilo lililopungua kwenye barua. Lijaze kabla hujatia sahihi.

Mambo ya kushika

Hebu sasa tutazame mambo machache yatakayokusaidia kila unapoandika jambo la kazi.

Taja unachotaka mwanzoni. Kichwa cha barua, yaani pale penye "Yah", kitaje jambo lenyewe. "Yah: Maombi" hakitoshi, kwani mezani kwa mkubwa kuna maombi mengi. Kisha sentensi ya kwanza iseme unaomba nini, au unaarifu nini. Sababu na maelezo yafuate.

Salamu ziwe fupi. Mstari mmoja unatosha, na katika barua rasmi hata huo si lazima. Heshima haipimwi kwa urefu. Unamheshimu msomaji kwa maneno ya adabu, na zaidi kwa kutompotezea muda.

Barua moja, jambo moja. Ukiomba likizo na papo hapo ukakumbushia malipo ya saa za ziada, mkubwa atashughulikia lile jepesi, na jingine litalala kwenye faili.

Andika tarehe na saa bila utata. "Wiki ijayo" na "mwisho wa mwezi" kila mtu huzielewa kwa namna yake. Tarehe ikiandikwa 4/5, mmoja atasoma tarehe nne mwezi wa tano na mwingine tarehe tano mwezi wa nne, basi taja mwezi kwa jina. Saa nazo zina mtego wake. Ukiandika "kikao saa 3", mzee wa masjala atafika asubuhi, na kijana aliyezoea saa ya simu yake anaweza kudhani ni 3:00 ya mchana, ambayo kwetu ni saa 9. Andika "saa 3:00 asubuhi" na siku ya juma pembeni yake. Fedha ziandike kwa tarakimu na kwa maneno.

Mtaje mwenye kutenda. Tumezoea kuandika "inatakiwa ifanyike" au "wahusika wazingatie". Wahusika ni akina nani? Kazi isiyotajiwa mtu kila mmoja humwachia mwenzake, kama chungu jikoni ambacho kila binti anadhani mwingine atakiosha.

Weka nakala. Mwombe anayepokea barua yako atie sahihi na tarehe kwenye nakala unayobaki nayo. Mdogo wangu hakuwa na nakala iliyopokelewa. Kilichomsaidia ni kwamba masjala walikuwa wamegonga muhuri wa tarehe kwenye ile barua ya mwezi wa sita. Ingawa haikueleweka, ilionyesha kwamba alijaribu kutoa taarifa mapema.

Dokezo la ofisini

Mkiwa ndani ya ofisi moja hamwandikiani barua ndefu. Mnaandikiana dokezo, na katika ofisi za serikali utasikia pia "dokezo sabili". Kazi yake ni kumkumbusha au kumwarifu mtu jambo kwa ufupi, ili aamue au atende.

Tuchukue dokezo moja la mfano: "Inakumbushwa kuwa utaratibu wa stoo ni muhimu na wahusika wote wanaombwa kuuzingatia ili kuepusha usumbufu unaoweza kujitokeza." Mtu akilisoma atatikisa kichwa kukubali, kisha ataendelea kama jana. Sasa lisome hili:

"Kwa: Wafanyakazi wote. Kutoka: Msimamizi wa stoo. Tarehe: 3 Machi. Yah: Stoo kufungwa saa 10:00 jioni. Kuanzia Jumatatu tarehe 10 Machi, stoo itafungwa saa 10:00 jioni. Anayehitaji vifaa avichukue kabla ya saa hiyo. Ukiwa na dharura, mwone mlinzi wa lango kuu, yeye ndiye mwenye ufunguo."

Hapa kila mtu amejua lake la kufanya, na hakuna aliyegombezwa.

Usidhani ufupi ni wa wenye vyeo vidogo tu. Tarehe 9 Agosti 1940, Uingereza ikiwa vitani na ndege za adui angani, Waziri Mkuu Winston Churchill alitenga muda wa kuwaandikia mawaziri wake dokezo kuhusu jambo moja: taarifa zao ni ndefu mno. Aliwataka wataje mambo makuu kwa aya fupi, na takwimu nyingi waziweke kwenye viambatisho. Ikiwa kiongozi mwenye vita aliona jambo hilo linastahili muda wake, sisi nasi tunaweza kulifikiria.

Baruapepe nayo ni barua

Siku hizi kazi nyingi hupita kwenye kompyuta na simu. Fundi wa Kimarekani, Ray Tomlinson, ndiye aliyetuma baruapepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao, mwaka 1971. Ndiye pia aliyechagua ile alama ya @ tunayoiona katika kila anwani. Baadaye alisema amekwisha kusahau aliandika nini katika ujumbe huo wa kwanza. Zetu za kazini hazisahauliki upesi hivyo. Hubaki kwenye kompyuta ya mwenzako miaka mingi, na zinaweza kutolewa siku ya mgogoro.

Kwa hiyo, jaza nafasi ya kichwa cha habari kama unavyojaza "Yah". Ambatisha faili kwanza, kisha ndipo uandike, maana wengi huandika "nimeambatisha" na kutuma mikono mitupu. Anwani ya mpokeaji iweke mwisho kabisa, ili hata kidole kikiteleza barua isiondoke haijakamilika. Kabla ya kuwajibu watu wote kwa mpigo, jiulize kama wote wanahusika.

Mwandiko wa vijana wa "xaxa" na "2taonana" uache kwenye simu yako na rafiki zako. Nao ujumbe wa kazi kwenye kundi la simu uandikwe kwa tahadhari hiyo hiyo, maana unasomwa na mkubwa wako kama barua nyingine.

Ukiandika kwa hasira, usitume. Ihifadhi, nenda ukapike, ulale, uisome asubuhi. Maneno mengi ambayo usiku yalionekana ya haki, asubuhi huonekana ya uchungu tu.

Usiogope Kiswahili chako

Wako akina mama wanaoacha kabisa kuandika kwa kudhani kwamba barua ya ofisini lazima iwe ya Kiingereza. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967 kusimamia lugha yetu, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Isipokuwa mahali penu pa kazi pana sababu maalumu ya kutumia lugha nyingine, barua ya Kiswahili chepesi ni bora kuliko ya Kiingereza cha kubahatisha ambacho wewe mwenyewe huwezi kukitetea ukiulizwa.

Tena ustadi huu si wa waajiriwa peke yao. Mtoto akiumwa, unamwandikia mwalimu. Usiandike "mwanangu anaumwa" tu. Taja jina lake kamili, darasa, siku atakazokosa na namba yako ya simu. Ukiwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, andika katika muhtasari nani kakopa, kiasi gani, na atarudisha tarehe gani. Vikundi vingi huvunjika kwa ugomvi ambao mstari mmoja ulioandikwa vizuri ungeuzuia. Watoto wetu nao wanatuangalia. Binti anayemwona mama yake akiandika, akisoma tena na kusahihisha, atakua akijua kwamba maneno yake yana uzito.

Barua ya pili

Barua ya pili ya mdogo wangu ilijibiwa kwa maandishi katika siku tano. Likizo ilikubaliwa siku zote 84, na mshahara haukuguswa. Hata hivyo makosa ya barua ya kwanza hayakufutika bila gharama. Ofisi ilikuwa imepoteza miezi miwili, na mtu wa kumshikia kazi alipatikana juma la mwisho kabisa. Alifundishwa siku tatu tu. Hivyo mdogo wangu akiwa bado wodini, mtoto ana siku moja, simu ililia kando ya kitanda: "Samahani mama, faili la malipo ya mwezi wa tisa uliliweka wapi?"

Alijibu, akakata simu, akatutazama akacheka. Mimi sikucheka sana. Nilimwona amechoka, na nilifikiri juu ya siku zote alizokaa na wasiwasi kwa sababu ya neno moja ambalo hakuliandika.

Mtoto ni wa kike na ni mzima. Tarehe 15 Desemba mama yake alirudi kazini kama barua ilivyosema, akiwa ameshika barua nyingine ya mistari minne, ya kuomba saa zake za kunyonyesha. Kabla ya kuipeleka alinipigia simu akanisomea.

"Dada, una swali?"

Nilifikiri kidogo. Alikuwa ametaja saa, ametaja siku ya kuanza, na ametaja nani atakaa dirishani wakati yeye hayupo.

"Sina," nilimjibu. "Ipeleke."